Mont Blanc na Annecy kwa Siku Moja Kutokea Geneva: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Mei, wajumbe wa mkutano mkuu wa WHO wanapofika Geneva, na tena Juni wanapokuja wa Shirika la Kazi Duniani, simu yangu huanza kuita. "Dada, Jumamosi tuko huru. Milima ya theluji iko mbali?" Wengine ni ndugu wa Uholanzi, Uingereza au Muscat waliokuja kutembea tu. Maswali huwa yale yale, na yanastahili majibu kamili. Haya hapa.

Safari yenyewe ikoje?

Tunaondoka Geneva saa moja na nusu asubuhi kwa basi dogo. Tunashika barabara kuu ya A40 inayopanda na bonde la mto Arve, na kabla ya saa tatu tunakuwa Chamonix, mji mdogo ulio mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, miguuni pa Mont Blanc. Ni kilomita 80 na ushei. Tunakaa huko hadi saa saba na nusu mchana, kisha tunateremka kwenda Annecy, mji wa kale uliojengwa ziwa linapoishia. Huo ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Annecy tunapata saa tatu nzima, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni. Kutoka hapo hadi Geneva ni kama dakika 45, foleni ikiwa si kubwa.

Tiketi na mabango ya huku huandikwa kwa saa za Kizungu: 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, 13:30 ni saa saba na nusu mchana. Soma mara mbili kabla ya kulala.

Kwa nini mlima kwanza, ziwa baadaye?

Kwa sababu ya mawingu. Majira ya joto, asubuhi kilele huwa wazi, lakini jua likishapasha bonde, hewa yenye unyevu hupanda na kufikia adhuhuri mawingu yameanza kujikusanya. Alasiri radi si jambo la ajabu. Anayefika Chamonix saa nane mchana mara nyingi huona nusu ya chini ya mlima tu.

Sababu ya pili ni mwili. Ukishashuka kutoka juu unakuwa na uchovu ambao hukuutegemea, na ziwani ndipo mahali pa kuumalizia: unakaa, unakula, unatembea polepole. Ukigeuza mpangilio, unaenda mlimani ukiwa umeshachoka na jua.

Hasara ipo moja. Soko la mji wa kale wa Annecy, ambalo huwa Jumanne, Ijumaa na Jumapili, ni la asubuhi. Sisi tukifika wachuuzi wameshafunga. Kama soko ndilo unalolitaka, tenga siku nyingine ya Annecy peke yake.

Chamonix si iko Uswisi?

Hapana, Chamonix na Annecy zote ziko Ufaransa, katika eneo la Savoie ambalo lilikuwa chini ya watawala wa Savoy hadi 1860, lilipounganishwa na Ufaransa. Kwa hiyo unavuka mpaka, unabadilisha fedha, na mtandao wa simu nao hubadilika.

Viza yangu imetolewa na ubalozi wa Uswisi. Itanifikisha Ufaransa?

Ikiwa ni viza ya kawaida ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ndiyo, hata kama ni ya kuingia mara moja tu, kwa maana unapotoka Uswisi kwenda Ufaransa hujatoka ndani ya Schengen. Iangalie stika kwenye pasipoti. Pakiwa pameandikwa "États Schengen" au "Schengener Staaten", huna tatizo. Zipo viza chache ambazo hutolewa kwa ajili ya nchi moja tu, na wanaozipata mara nyingine ni wajumbe wa mikutano waliopewa viza kwa haraka. Mwenye viza ya namna hiyo asivuke, hata kama mpakani hakuna anayesimamisha magari.

Pasipoti yenyewe uwe nayo, si nakala wala picha kwenye simu. Askari wa forodha hupanda mabasi wakati wowote, na wakikuta mtu hana hati, basi zima linasubiri.

Aiguille du Midi na Montenvers: nichague ipi?

Hili ndilo swali kubwa la siku, kwa sababu kwa saa nne na nusu za Chamonix kufanya vyote viwili ni kukimbizana. Mimi nashauri kimoja, ukifanye vizuri.

Aiguille du Midi ni mnara wa mwamba wenye ncha kama sindano, mita 3,842. Unapandishwa kwa gari la nyaya lililofunguliwa 1955. Safari ni ya dakika 20 na ina vipande viwili. Cha kwanza kinaishia Plan de l'Aiguille, mita 2,317, ambako miti imeshakwisha na kubaki nyasi na mawe. Cha pili hakina nguzo hata moja katikati: waya umening'inia kutoka kituo hadi kituo, na unaona ukuta wa mwamba ukikujia usoni. Unateremkia mita 3,777, unavuka daraja jembamba kati ya miamba miwili, kisha lifti iliyochimbwa ndani ya jiwe inakupandisha hadi roshani ya juu. Siku iliyo safi unaona milima ya Ufaransa, Italia na Uswisi kwa mara moja, hadi Matterhorn. Huko juu kuna kisanduku cha kioo kiitwacho Pas dans le Vide, kilichofunguliwa Desemba 2013. Unavalishwa ndala za kitambaa juu ya viatu ili kioo kisichunike, unaingia, na chini ya nyayo zako pana zaidi ya mita 1,000 za hewa tupu.

Kabla ya kurudi chini, pitia kwenye mlango wa handaki la barafu. Hapo wapanda milima wenyewe hujifunga kamba, huvaa vyuma vya meno kwenye viatu, na kutoka nje kushuka kwenye ukingo wa theluji usiozidi upana wa miguu yao. Simama pembeni uwatazame. Mlango ule si wa watalii, na kibao kinasema hivyo.

Montenvers ni safari ya namna nyingine. Treni nyekundu yenye gurudumu la meno katikati ya reli imekuwa ikipanda huko tangu 1909. Dakika 20, na unafika mita 1,913, juu ya Mer de Glace, mto wa barafu mkubwa kuliko yote ya Ufaransa. Hakuna kizunguzungu cha urefu, na ni nafuu: tiketi ni kama yuro 40, ilhali Aiguille du Midi ni zaidi ya yuro 70.

Hapo jiandae kuona jambo la kusikitisha. Katika karne ya 19 barafu hiyo ilishuka hadi bondeni, karibu na nyumba za watu. Leo unatoka kwenye treni, unainama kwenye ukuta, na barafu iko chini sana, imefunikwa vifusi vya mawe hata mgeni huuliza iko wapi. Zamani ngazi zilikuwa zikiongezwa kila baada ya muda ili watu waifikie, hadi zikapita 500. Mwaka 2024 ikabidi lifunguliwe gari jipya la nyaya linalowapeleka wageni juu zaidi bondeni, ambako barafu bado ipo. Kandokando ya ngazi za zamani viliwekwa vibao vya miaka kuonyesha barafu ilipokuwa imefika. Mtu wa Moshi kama mimi hawezi kuvipita bila kuwaza Kibo, iliyopoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu 1912.

Ukiniuliza: mwenye afya njema na siku iliyo wazi, Aiguille du Midi. Mwenye watoto wadogo, mwenye presha, au siku yenye mawingu ya juu, Montenvers.

Nimeshafika Uhuru Peak. Huku kuna jipya gani kwangu?

Kwa urefu, hakuna. Mont Blanc ni mita 4,800 na kidogo, na kipimo hubadilika kila unapopimwa kwa sababu kilele chake ni kofia ya theluji. Kilimanjaro ni 5,895, Mlima Kenya 5,199, na Margherita kule Rwenzori 5,109. Yote mitatu inaupita.

Kilicho tofauti ni ukaribu. Kilimanjaro unautembelea siku tano, sita, na theluji unaikuta mwishoni. Huku mji, shule, kanisa na duka la mikate viko bondeni, na barafu inaning'inia juu ya mapaa. Halafu kuna historia ya watu wake. Mwaka 1760 msomi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, aliahidi zawadi kwa atakayeonyesha njia ya kufika kileleni. Ilichukua miaka 26. Tarehe 8 Agosti 1786 walifika wawili: Michel-Gabriel Paccard, daktari wa Chamonix, na Jacques Balmat, mtafuta mawe ya fuwele. Katikati ya mji utaona sanamu ya Balmat akimwonyesha de Saussure kilele kwa kidole. Daktari hayumo. Sanamu yake ilikuja kuwekwa baadaye sana, peke yake, na mimi huwapeleka wageni wangu kwenye zote mbili.

Mwaka 1820 poromoko la theluji liliua waongozaji watatu mlimani. Mwaka uliofuata waongozaji wa Chamonix wakaunda chama chao, Compagnie des Guides, na mfuko wa kusaidia familia za wanaoumia au kufa kazini. Chama hicho kipo hadi leo. Aliyewahi kubebewa begi na mpagazi wa Marangu au Machame naomba asimame kidogo mbele ya ofisi yao na kuwaza wapagazi wetu wana nini wakiumia.

Na wale waliofuatilia mjadala wa mwaka 2019 wa kuweka magari ya nyaya Kilimanjaro, hapa wanaweza kujionea wenyewe yakoje: urahisi wake, foleni yake, na sura ya kituo cha zege kilichochongwa kwenye kilele. Kila mtu huondoka na maoni yake.

Kwa hiyo Mont Blanc ni ipi kati ya zile?

Wengi hupiga picha mlima usio wenyewe. Ukiwa Chamonix, ncha kali iliyo karibu ni Aiguille du Midi. Kulia kwake kuna kuba nyeupe inayoonekana ndefu kuliko zote: hiyo ni Dôme du Goûter, mita 4,304, inaonekana hivyo kwa kuwa iko karibu nawe. Mont Blanc ni ile ya mviringo iliyo nyuma, katikati ya hizo mbili, isiyojionyesha sana.

Nitaumwa kichwa huko juu? Kuna hatari?

Hapa naomba usome kwa utulivu. Kwenye njia ya Marangu, kituo cha Horombo kiko mita 3,720, na watu hufika huko siku ya pili, baada ya kulala Mandara. Aiguille du Midi ni juu kuliko Horombo, na unafika kwa dakika 20. Hewa ya oksijeni unayoivuta huko ni chini kidogo ya theluthi mbili ya ile ya Dar es Salaam au Mombasa. Utaijua kwenye ngazi: hatua kumi tu na moyo unadunda, na pakiti ya krips ndani ya begi imevimba kama mpira.

Wengi hupata kichwa chepesi au kuuma kidogo, na kinaisha ukishashuka. Tembea polepole, usikimbilie lifti, usibebe mtoto mabegani, kunywa maji, usinywe pombe usiku wa kuamkia safari. Pale Plan de l'Aiguille shuka, ukae dakika 20 hivi ndipo uendelee. Ukisikia kichefuchefu, kuyumba au kifua kubana, mwambie mwongozaji au mhudumu yeyote na ushuke kwa gari linalofuata. Usivumilie kwa kuona haya kwamba umelipa.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vya huku havilitaji, na kwetu sisi ni kubwa: selimundu. Oksijeni ikipungua, chembe za damu za mwenye ugonjwa huo hujikunja na zinaweza kuziba mishipa. Mwenye selimundu asipande Aiguille du Midi bila daktari wake kumruhusu. Hata mwenye chembe hizo kwa urithi wa mzazi mmoja tu, ambaye nyumbani haumwi chochote, kumekuwapo na visa vichache vya watu wa namna hiyo kupata maumivu makali ya bandama kwenye miinuko mirefu. Ukijua hali yako, sema mapema. Montenvers na Annecy zitakutosha na utafurahi.

Hivyo hivyo kwa mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, presha isiyodhibitiwa, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni.

Watoto, wajawazito na wazee je?

Mtoto aliye chini ya miaka mitatu haruhusiwi kupanda Aiguille du Midi, na chini ya mitano haishauriwi. Wajawazito pia hushauriwa wasipande. Mzee mwenye afya anaweza, lakini ajue kule juu kuna ngazi na baridi. Montenvers inawafaa wote hao. Mama mkwe asiyeweza ngazi atakaa kwenye baraza ya juu na chai yake, milima ikiwa mbele yake, wakati ninyi mkishuka barafuni.

Nivae nini?

Vaa kwa tabaka. Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo Chamonix ikiwa nyuzi 22 mwezi Julai, juu ni kama nyuzi 5, na upepo unaifanya iwe mbaya zaidi. Siku nyingine hushuka chini ya sifuri katikati ya Agosti.

Fulana ya kubana, sweta, na juu yake koti la kuzuia upepo. Kofia ya kufunika masikio. Glavu, hata za bei rahisi. Raba zenye soli ya meno. Viatu vya ngozi vya mkutanoni huteleza kwenye chuma chenye barafu. Dada anayevaa dera, gauni refu au baibui avae suruali nzito ndani, na hijabu aibane vizuri kwa pini, kwani upepo wa darajani hauna adabu.

Miwani ya jua si urembo. Theluji hurudisha mwanga, na macho yanaweza kuungua pasipo wewe kujua hadi usiku. Ngozi nyeusi pia huungua, hivyo mafuta ya kujikinga na jua ni yetu sote, na midomo ipake.

Ukiwa Annecy utayavua yote na kubaki na fulana. Basi linabaki na mizigo.

Theluji ipo mwaka mzima? Naweza kuigusa?

Juu ipo mwaka mzima. Bondeni huwa Desemba hadi Machi hivi. Kuigusa wakati wa kiangazi, mahali pa hakika ni mlango wa lile handaki juu ya Aiguille du Midi, au pango la barafu la Mer de Glace, ambalo huchimbwa upya kila mwaka kwa kuwa barafu haitulii, inatembea. Kuta zake ni za buluu, na ukiweka kiganja unasikia maji yakichuruzika.

Hali ya hewa ikiharibika?

Gari la nyaya hufungwa upepo ukizidi, na mara nyingine hufungwa ghafla. Asubuhi kabla ya kuondoka mimi huangalia kamera za moja kwa moja zilizowekwa juu ya mlima, na ninakwambia ukweli ninaouona. Uliza kampuni yoyote unayokata nayo tiketi maswali haya mawili kabla ya kulipa: gari la nyaya limo kwenye bei au nalipa mwenyewe? Likifungwa, narudishiwa fedha au napewa Montenvers? Matangazo mengi huweka picha ya kilele, kumbe bei ni ya basi tu.

Fahamu pia kwamba kila mwaka Aiguille du Midi hufungwa Novemba kwa wiki kadhaa kwa ajili ya matengenezo.

Tutakula nini? Kuna halali?

Jikoni za Ufaransa zina saa zake. Chakula cha mchana ni saa sita hadi saa nane, kisha moto unazimwa hadi jioni. Nasi tunafika Annecy saa tisa. Kwa hiyo kula Chamonix kabla ya kuondoka, au beba chakula chako. Ukisubiri Annecy utapata chapati za Kifaransa ziitwazo crêpe, mikate na aiskrimu, lakini si sahani ya wali.

Vyakula vya milimani ni jibini na viazi. Kwa Waislamu naeleza wazi. Tartiflette, viazi vilivyookwa na jibini la reblochon, huwa na vipande vya nyama ya nguruwe. Fondue huyeyushwa kwa mvinyo mweupe. Raclette ni jibini la kuyeyusha tu, lakini huletwa na nyama za nguruwe pembeni. Waweza kuomba bila nyama. Diots ni soseji za nguruwe. Kilicho salama ni samaki wa ziwani, hasa féra, ila uliza kama mchuzi una mvinyo. Maduka ya kebab ya halali yapo Annecy, na ndiyo huokoa wengi.

Maji ya bombani yanakunywika. Kwenye chemchemi za mitaani, soma: "eau potable" ni ya kunywa, "eau non potable" usinywe.

Annecy kuna nini cha kutosha saa tatu?

Kingi kuliko saa tatu. Anzia pale mto Thiou unapotoka ziwani. Ziwa lina kilomita za mraba 27, na maji yake yote ya ziada hutoka kwa mto huo mfupi unaokatiza mji wa kale. Ndiyo maana nyumba za kule zimesimama majini, zenye rangi za waridi na manjano, na maua kwenye madirisha. Katikati ya mto limesimama Palais de l'Île, jengo la mawe lililoanza karne ya 12, lenye umbo la merikebu iliyokwama. Lilikuwa mahakama, likawa gereza, sasa ni makumbusho. Kila mtu hulipigia picha kutoka darajani, na foleni ya picha huwa ndefu. Nenda daraja linalofuata, utaliona peke yako.

Kisha rudi ziwani, pita bustani ya Jardins de l'Europe, vuka Pont des Amours, utokee kwenye uwanja mpana wa majani uitwao Pâquier. Huo ni wa bure. Tandika khanga yako ukae. Meli za kuzunguka ziwa kwa saa moja hivi hutokea karibu na hapo, na mashua za pedali hukodishwa ufukweni. Julai na Agosti maji yana joto la kuogelea, mara nyingi zaidi ya nyuzi 20.

Angalia maji yenyewe. Unaona kokoto za chini. Miaka ya 1950 ziwa hili lilikuwa linakufa kwa majitaka ya mji, vijiji na hoteli. Daktari mmoja wa hapa, Paul Servettaz, alipiga kelele hadi akasikilizwa, na mwaka 1957 manispaa zinazolizunguka ziwa zikaungana. Wakajenga bomba kubwa la kulizunguka ziwa, likikusanya majitaka yote na kuyapeleka kwenye mtambo wa kusafisha, tone lisiingie ziwani. Leo mji unakunywa maji ya ziwa hilo. Nimewahi kusimama hapo na wageni wa Mwanza na Kisumu, na mazungumzo yalikuwa marefu. Ziwa Victoria ni kubwa mara elfu mbili na zaidi, hilo halina ubishi, lakini lililoanza Annecy ni watawala wa vijiji kukubali kukaa meza moja.

Mimi ni Mkatoliki. Nimesikia kuna mtakatifu Annecy.

Ni Fransisko wa Sales. Alikuwa askofu wa Geneva kuanzia 1602 hadi alipofariki 1622, lakini Geneva ilikuwa imeshakuwa ya Wakalvini, yaani Waprotestanti, hivyo akaishi Annecy. Mwaka 1610, pamoja na Jeanne de Chantal, alianzisha shirika la masista wa Visitation. Wote wawili wamelazwa kwenye basilika iliyo mlimani juu ya mji. Wasalesiani wa Don Bosco, walio na shule na vyuo vya ufundi Tanzania na Kenya, wamechukua jina lake, na Wamisionari wa Mtakatifu Fransisko wa Sales walianzishwa Annecy hapa hapa mwaka 1838, nao wanafanya kazi kwetu. Ni msimamizi wa waandishi wa habari pia. Kupanda basilika kwa miguu na kurudi kunakula saa moja na zaidi, kwa hiyo amua mapema, na uniambie.

Na sala kwa Waislamu?

Wageni wengi ninaosafiri nao hukusanya Adhuhuri na Alasiri kwa kuwa ni wasafiri. Pâquier ina nafasi tulivu chini ya miti, na maji ya kutawadha tunabeba. Mwenye kutaka msikiti wa jamaa atapata Geneva jioni: ule wa Petit-Saconnex, uliofunguliwa 1978, hauko mbali na majengo ya Umoja wa Mataifa.

Fedha na simu?

Yuro. Faranga za Uswisi hupokelewa baadhi ya maduka kwa kiwango kibaya. Kadi hufanya kazi karibu kila mahali, lakini weka sarafu za vyoo. Huduma imo kwenye bei ya mgahawa, bakshishi ni hiari.

Kifurushi cha intaneti cha Umoja wa Ulaya huenda kisifanye kazi Uswisi, na laini ya Uswisi huenda ikakukata fedha nyingi Ufaransa. Karibu na mpaka simu hurukaruka yenyewe. Zima data ya nje hadi uhakikishe. Na ile kadi ya usafiri wa bure unayopewa hotelini Geneva haivuki mpaka.

Ninaweza kwenda mwenyewe bila mwongozaji?

Unaweza, na kwa Annecy peke yake nakushauri hivyo: treni za Léman Express, zilizoanza Desemba 2019, hukufikisha. Chamonix kwa treni ina kubadilisha Saint-Gervais na ni ndefu. Basi la moja kwa moja ni bora. Lakini vyote viwili kwa siku moja kwa usafiri wa umma, utaishia vituoni ukiangalia saa.

Mwezi gani ni mzuri?

Septemba. Watu wamepungua, anga ni safi, maji bado yana joto. Juni ni nzuri pia. Julai na Agosti tiketi za Aiguille du Midi lazima zikatwe siku kadhaa kabla, na Jumamosi ya kwanza ya Agosti Annecy huwa na sherehe ya fataki ziwani, barabara zinafungwa. Jumamosi ya pili ya Oktoba ng'ombe na kondoo waliokuwa malishoni mlimani hupitishwa katikati ya mji wa kale wakiwa na kengele shingoni. Mfugaji yeyote, awe wa Simanjiro au Kajiado, ataipenda siku hiyo kuliko mlima.

Nikichelewa basi la kurudi?

Dakika 10 tunasubiri, kisha tunaondoka, kwani wenzako wana ndege na mikutano. Namba ya mwongozaji iwe kwenye simu na kwenye karatasi, maana betri huisha haraka kwenye baridi. Ukiachwa Annecy, nenda stesheni; treni za Geneva huwapo hadi usiku. Ukiachwa Chamonix, piga simu kabla hujafanya lolote, kisha nenda kituo cha mabasi uulize basi la mwisho la Geneva ni la saa ngapi.